Sentensi ya Mwisho ya Mjane wa Kengele

Jumanne, tarehe 12 Machi 1974, tulimpoteza Bwana Lajos, fundi mkuu wa mavazi katika karakana yetu ya Aston, na pamoja naye ikapotea sentensi moja. Ilikuwa sentensi ya mwisho ya mchezo tuliokuwa tuuonyeshe Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Maneno mengine yote tulikuwa nayo. Hilo moja la kumalizia alikuwa nalo yeye, au ndivyo tulivyodhani.

Mmeniomba, nyinyi vijana wa kikundi cha maigizo cha kanisani hapa Northfield, niwaandikie kazi ya nyuma ya pazia ilivyokuwa. Mchungaji alipendekeza niandike kwa Kiingereza msipate taabu. Nikamwambia Kiingereza changu kinatosha kununua nyama na kubishania nauli, lakini habari hii sitaiweza. Basi someni polepole, mkikwama waulizeni mama zenu. Nao wakikwama, mlango wangu mnaujua. Mimi nilisoma hadi darasa la sita tu, kwa hiyo mkiona mahali nimeteleza, mnivumilie.

Nilikuja Birmingham mwaka 1967 kumfuata mume wangu, Mwaringa, aliyekuwa kondakta wa basi. Kushona nilikuwa nakujua. Kwetu Rabai nilishona sare za shule na magauni ya harusi, na watu walisifu mkono wangu. Karakana ya Aston ilitengeneza mandhari na mavazi ya kukodisha kwa kumbi za maonyesho. Lilikuwa banda refu nyuma ya safu ya nyumba, upande mmoja maseremala na wapaka rangi, upande wa pili sisi wa cherehani. Uwanja wa mpira ulikuwa jirani, na Jumamosi za mechi tulifunga madirisha yote ndipo tusikilizane.

Siku yangu ya kwanza nilipewa joho nipige pindo. Nikasema leo nitawaonyesha. Nikashona kwa mkono, mishono midogo kama mbegu za ufuta, nusu siku nzima. Bwana Lajos akalichukua joho, akalitundika mwisho wa banda, akanirudisha mimi mwisho wa pili.

Akaniuliza naona nini. Nikasema naona joho.

"Na mishono yako?"

Nikakaza macho. Hakuna kitu.

"Basi hata yule aliyekaa kiti cha nyuma haioni," akasema. "Na yeye ndiye tajiri yetu."

Akachukua kamba nene, akaibandika kwenye pindo kwa gundi, akaipaka rangi ya dhahabu. Kwa karibu ilifanana na uji uliomwagika. Nikarudi mwisho wa banda, nikatazama, nikaona joho la mfalme. Wanangu, nilicheka peke yangu hadi Mwaringa alipokuja kunichukua. Nilikuwa nimeshona miaka kumi na tano bila kujua kwamba nguo inaweza kusema uongo mzuri kiasi hicho.

Niwape mambo machache ya kazi kabla sijasahau. Nguo ya kubadilishwa upesi haifungwi kwa vifungo. Vifungo vishoneni juu kwa urembo, chini yake wekeni kulabu kubwa ambazo hata mtu anayetetemeka anaweza kuzishika. Acheni kitambaa cha ziada kwenye mishono ya ubavu, maana waigizaji hunenepa kati ya Krismasi na Pasaka halafu husema nguo imerudi ikawa ndogo. Nguo ya maskini msiipeleke jukwaani ikiwa mpya. Sisi tuliikwangua magoti na viwiko kwa kikwangulio cha jibini, tukailoweka kwenye chai nzito usiku kucha. Na mvishaji asiingie kazini bila sindano iliyokwisha tiwa uzi, imechomekwa chini ya kola yake mwenyewe. Ya uzi mweusi upande wa kushoto, ya uzi mweupe upande wa kulia.

Jambo jingine, msipige mluzi nyuma ya jukwaa. Hili nililijua kwa sababu ya Mohinder. Mohinder alikuwa seremala wetu, Singasinga wa Ngara, Nairobi, na mimi na yeye tuliongea Kiswahili kutwa nzima, jambo lililomfanya Ron, mpaka rangi, aamini tunamsengenya. Mara nyingine tulikuwa tunamsengenya kweli. Siku moja tulikwenda kufunga mandhari katika ukumbi, Mohinder akaanza kupiga mluzi akipigilia misumari. Bwana Lajos akamrukia na kumziba mdomo kwa kiganja. Kumbe zamani watu wa kamba za juu waliitana kwa mluzi, na ukipiga wako ovyo unaweza kushushiwa mlima wa mbao kichwani. Mohinder akatazama juu, akatazama nyundo yake, akaniambia, "Dada, hii Ulaya hata kufurahi iko na sheria."

Sasa kaeni vizuri, maana nafika kwa mtu mwenyewe.

Bwana Lajos alikuwa Mhungaria. Alikimbia kwao mwishoni mwa vita kuu ya pili, vifaru vya Warusi vilipoingia mji mkuu, akaja na mkasi wake na koti alilovaa. Alioa Mwingereza wa hapa Northfield, wakapata binti mmoja, Klári. Tulipokuwa tukishona alikuwa akitusimulia habari za mwandishi mmoja wa michezo wa nchi yake, Vadkerti Ambrus. Kwao jina la ukoo ndilo linalotangulia, kwa hiyo Ambrus ndilo jina lake mwenyewe. Niliisikia habari ile vipande vipande kwa miaka saba, na kila kipande kilinikuta nimeacha kukanyaga cherehani.

Ambrus aliishi kiasi cha miaka mia mbili iliyopita. Baba yake alitengeneza makoti ya ngozi, akamsomesha mwanawe awe padri. Kijana akatoroka na gari la farasi la waigizaji. Wakati huo, katika miji ya kwao, michezo ilichezwa kwa Kijerumani, lugha ya watawala. Kihungaria walikiona lugha ya jikoni na ya zizini. Wakubwa walisema mfalme akikisema jukwaani watu watacheka. Wachache sana walikuwa wameandika mchezo kwa lugha hiyo, na Ambrus akataka kuwa mmoja wao.

Kazi yake katika kundi ilikuwa kukaa ndani ya kisanduku chini ya sakafu ya jukwaa na kuwanong'oneza waigizaji waliosahau maneno. Kutoka kisandukuni alikuwa haoni nyuso. Aliona viatu na mapindo. Bwana Lajos alipofika hapa katika kusimulia alikuwa akiinua pindo lolote lililokuwa mkononi mwake, anasema, "Mnaona? Mtu mkubwa kuliko wote alitazama kazi yetu sisi." Mle kisandukuni, kwa mshumaa, Ambrus akaandika mchezo wake, *Mjane wa Kengele*.

Mchezo wenyewe ni huu. Askari wanazunguka vijijini wakikusanya kengele za kanisa wakaziyeyushe wapate mizinga. Mjane wa fundi aliyeifua kengele ya kijiji anaificha pamoja na wanawake wenzake. Hakimu anawatisha, anawafunga, anawabembeleza. Mwisho kijiji kizima kimesimama, hakimu anamuuliza mjane kwa mara ya mwisho, "Mama, kengele iko wapi?" Mjane anajibu sentensi moja, na pazia linashuka.

Wakaguzi wa serikali waliukataa na kuyachukua maandishi. Majira hayo hayo ya baridi Ambrus akafa juu ya gari la farasi, akikohoa, bila kuuona mchezo wake ukichezwa. Lakini zamani kunakili ilikuwa kazi ngumu, kwa hiyo kila mwigizaji alipewa maneno ya mtu wake tu, na kila mmoja alikuwa ameshayashika kichwani. Walipotoka kumzika waliketi katika nyumba ya wageni njiani, mmoja akasema ya kwake, wa pili akajibu, wa tatu akadakia, na mchezo ukasimama tena mezani. Wakauchezea kwenye mabanda ya nafaka bila ruhusa ya mtu. Miaka mingi baadaye kila mtoto wa shule alikuwa akiujua. Katika mji wa Bwana Lajos kuna mtaa wenye jina la Ambrus. Mfupi, alisema, na unaishia kwenye kiwanda cha bia, lakini mtaa ni mtaa.

Bwana Lajos mwenyewe aliubeba mchezo huo kichwani tangu shuleni. Majira ya joto ya mwaka 1973 akaanza kuugeuza kuwa Kiingereza. Yeye anasema, Ron anasahihisha, mimi naambiwa nisikilize kama unatamkika. Tukapata ukumbi mdogo Kings Heath, Jumamosi mchana, kwa sharti tuondoke kabla watu wa bingo hawajaingia jioni. Waigizaji ni sisi wenyewe wa karakana na jamaa zetu. Mwaringa alikuwa askari. Ron alikuwa hakimu. Mjane alikuwa Klári, miaka ishirini na moja, karani wa ofisi ya posta, sauti nzito ya ajabu kwa mwili mwembamba vile.

Klári alikisikia Kihungaria chote. Baba yake akimsemesha kwa lugha ya kwao, yeye anamjibu kwa Kiingereza cha Northfield. Ndivyo walivyoongea maisha yao yote. Nawaona mnavyotazamana. Sijawataja nyinyi.

Katika nakala alizotupa Bwana Lajos, baada ya swali la hakimu palikuwa na nukta tatu. Tulipouliza alisema sentensi ya mwisho haisemwi kwenye mazoezi hadi watu wakae vitini. Ron akasema hata Waingereza wana mwiko huo, kuimaliza hadithi mbele ya viti vitupu ni kualika mkosi. Basi hatukuuliza tena. Kwenye mazoezi Ron alikuwa akiuliza swali, Klári anasimama kimya, Mohinder anashusha pazia.

Ndipo ikaja Jumanne ile. Moyo, wakati anakunywa chai ya asubuhi.

Mimi silii mbele za watu, sijui kwa nini. Nilifagia chini ya meza yake ya kukatia, nikafunika mkasi wake kwa kitambaa, nikaendelea na sketi ya mjane. Kwetu maiti hajazikwa hakuna ngoma, na mazishi ya Kiingereza yalipangwa wiki iliyofuata. Nikaenda kumuuliza mama Klári kama tuahirishe. Akaniambia mume wake hajawahi kuahirisha onyesho, hata jioni ya harusi yao aliondoka saa moja kwenda kumfunga mfalme mkanda. Aliyebaki kuamua ni Klári. Naye akasema atacheza, ila hawezi kusimama mbele ya marafiki wa baba yake na kumalizia kwa kimya. Alitaka sentensi ya baba yake.

Maktaba ya mjini haikuwa na kitabu cha mchezo huo. Alhamisi jioni mimi na Klári tukapanda basi hadi chumba cha Wahungaria, ghorofani juu ya duka la viatu, ambako wazee wao walikutana kucheza sataranji. Tulipotaja shida yetu wote wakaiacha sataranji. Wa kwanza alisema kwa uhakika mkubwa kwamba mjane anajibu, "Iko pale mlipochota maji mkanywa." Wa pili akamcheka. Kwao mjane anasema, "Waulizeni waliokufa, ndio wanaoisikia." Wa tatu akapiga meza, farasi wa sataranji akaruka. Wote wawili ni wajinga, alisema, mjane anasema "Sijui," basi, "Sijui," na ukumbi mzima unalia.

Wakageukia Kihungaria na kuanza kunyoosheana vidole. Klári alikuwa ameshika paji la uso. Mimi nikatazama kando, nikaona bibi mmoja anamimina kahawa, hana haraka, anatabasamu kwenye kikombe. Aliitwa Bi Erzsi. Nikamsogelea, nikamuuliza yeye anasemaje.

"Mimi nilimcheza mjane huyo misimu sita," akasema. "Nilikuwa na kundi la kutembea, kabla ya vita."

Wazee wakashusha vidole.

Bi Erzsi akaweka birika chini, akatuambia. Wale waigizaji walipoketi kuuunganisha mchezo, karatasi ya mjane iliishia kwenye swali la hakimu. Ambrus alikuwa amekufa kabla ya kumpa mwigizaji wake jibu. Hawakuthubutu kumtungia marehemu. Wakakubaliana kwamba kila atakayekuwa mjane atajibu mwenyewe, lake, la mji ule na siku ile, na hatamwambia mtu hadi pazia. Wazee hawa kila mmoja alisikia jibu la mwigizaji aliyepita mji wake utotoni, akalishika kama maandiko.

"Na baba?" Klári akauliza. "Alikuwa anajua?"

"Lajos ameshonea makundi matatu kule nyumbani. Alijua kuliko mimi. Zile nukta amekuwekea wewe."

Nawaambia kweli, nilisisimka mwili mzima. Siku mbili tulikuwa tunatafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Nilitaka kuimba. Klári yeye alikuwa amekuwa mweupe kama chaki. Kwenye basi la kurudi, tulipokaribia kwao, akaniambia hataweza. Afadhali ingekuwa imepotea, maana kilichopotea mtu hukitafuta, lakini hiki anatakiwa akitoe tumboni mwake mbele ya watu, na yeye hana kitu. Nikamwambia Jumamosi nitafika saa saba kumvisha.

Nikafika saa saba. Kumvisha mtu mwenye msiba kuna namna yake, mjifunze. Pasha mikono yako joto kwanza. Simama nyuma yake, usimtazame kwenye kioo. Usiseme pole, pole zinayeyusha. Sema nguo tu. Mkono. Shingo. Geuka. Kiuno chake kilikuwa kimepungua tangu Jumatatu, nikachomoa sindano ya uzi mweusi kwenye kola, nikakipunguza pale pale akiwa amesimama. Sketi ilikuwa nyeusi, tulikuwa tumeitesa kwa chai na kikwangulio hadi ikasahau duka ilikotoka, na ndani ya pindo Bwana Lajos alikuwa ametia vipande vya madini ya risasi ili iende polepole kama mtu aliyechoka.

"Nikinyamaza?" Klári akauliza.

"Mohinder atashusha pazia. Watu watapiga makofi. Hakuna atakayejua."

"Wewe utajua."

"Mimi nitajua."

Mohinder naye alikuwa na shida yake, akanivuta pembeni.

"Dada, mimi nitajua aje kama sentensi imekwisha? Ikiwa ndefu, nashusha katikati, nakata huyu mtoto kichwa."

"Nitasimama hapa karibu nawe."

"Sawa. Wewe sema shusha, mimi nashusha. Bila wewe, hii kamba sigusi hata bingo ikiingia."

Ukumbi ulijaa. Wahungaria walikuja na makoti meusi, wale wazee watatu wamekaa safu tatu mbalimbali kwa sababu walikuwa hawasemezani. Makondakta wenzake Mwaringa walikuja na sare. Kina mama walioingia kutoka madukani walikaa na vikapu mapajani. Bi Erzsi aliomba kiti kando ya jukwaa, nyuma ya pazia la pembeni, akasema yeye mbele haonagi kitu.

Na tulicheza, wanangu. Sharubu za Mwaringa zilidondoka kitendo cha kwanza, akazidaka hewani, akazibandika tena na kumkemea mjane kana kwamba yeye ndiye aliyezing'oa, watu wakacheka hadi Ron akasahau mahali alipofika. Kitendo cha pili nilimbadilisha Klári vazi gizani huku mlango wa gereza ukifungwa upande wa pili, kulabu nne, na akarudi akiwa tayari katikati ya neno. Kitendo cha tatu hakuna aliyekohoa. Nilikuwa nimewasikia wakiyasema maneno yale miezi mingi juu ya kelele ya cherehani, lakini sikuwahi kuyasikia kwenye kimya cha watu.

Kijiji kikasimama. Ron akavua kofia ya hakimu, akauliza, "Mama, kengele iko wapi?"

Klári alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu kuliko mazoezini. Mohinder alikuwa amekamata kamba kwa mikono miwili, ananitazama mimi, na mimi namtazama Klári. Akageuka kutoka kwa hakimu, akatazama ukumbini, zile safu za makoti meusi.

"Nálam van," akasema.

Sikuwa nimewahi kusikia neno la Kihungaria likitoka kinywani mwake. Mzee mmoja safu ya mbele akasimama, kofia ikamwanguka kutoka mapajani.

Bi Erzsi akanishika mkono, akaninong'oneza maana yake. "Ninayo mimi."

"Dada," Mohinder akauliza, "ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Shusha."

Akashusha.